Wakili Aliyelitia Ziwa Mkatabani

Ukimwalika Wakili kula, hakukubali wala hakukataa. Alisimama kwenye lango la ploti yetu ya nyumba za kupanga pale Kisian, akafikiri kama mtu anayeombwa kuuza shamba, kisha akasema, "Nitajitahidi kufika, Mwalimu, lakini usinihesabu kwenye ugali." Na alifika kila mara, tena kabla maji hayajachemka. Kwa miaka yote niliyoishi mlango wa pili kutoka kwake sikuwahi kumsikia akimpa mtu ahadi kamili. Alikuwa mkono birika wa ahadi. Vitu vingine alivitoa bila kufikiri: mtungi wa gesi, mwavuli, hata gari lake kuukuu pamoja na mafuta yaliyokuwamo. Ahadi hakutoa.

Mimi ni mtu wa Vihiga. Nilikuja huku kufundisha jiografia, na Kidholuo changu mpaka leo ni cha sokoni: naweza kununua omena, vile vidagaa vya ziwani, kuulizia njia, na nikitukanwa najua nimetukanwa. Nadhani ndiyo sababu tulizoeana. Kwangu alilazimika kusema Kiswahili, na kwa Kiswahili hakuwa mtoto wa ukoo fulani wala ndugu wa mtu fulani, alikuwa jirani tu. Ploti nzima ilimwita Wakili. Mimi nilimwita Mzee. Hajafa, nisije nikawatisha. Binti yake alimchukua, wanaishi mbali huko kwenye baridi, na simu zake zimepungua hadi nimeacha kuzingoja. Nyumba yake sasa ina kijana anayepiga muziki, na mimi namwonea chuki bila sababu.

Karatasi yoyote iliyomfikia aliisoma kuanzia ukurasa wa mwisho. Wapangaji walimletea mikataba ya nyumba, ya mashamba ya kukodi, ya pikipiki za mkopo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akafungua nyuma. "Huku mbele ni salamu," alisema. "Wanasifiana, wanaitana ndugu. Mimi nataka kuona wataachana vipi." Fundi mmoja wa pikipiki, jirani yetu wa mlango wa mwisho, alimletea mkataba wa paneli ya sola ya kulipia polepole. Wakili alisoma mistari ya chini, akamwuliza, "Hii ikipigwa na mvua ya mawe, utalipa?"

"Nitalipa aje na imekufa?"

"Utalipa. Hata ikifa utalipa mpaka iishe."

Fundi akacheka akatia saini. Mvua ya mawe haikuja mwaka huo wala uliofuata, kwa hiyo fundi anaamini mpaka leo kwamba Wakili alikuwa mzee mwoga.

Hata gazeti alilianzia nyuma, akamaliza habari za mpira kabla hajajua ni waziri gani amefutwa kazi. Nilimtania kwamba siku akioa tena ataanza na talaka. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akalikunja gazeti, maana mkewe alikuwa amefariki kabla sijahamia pale, na picha yake ilikuwa ukutani ikitutazama.

Alipenda jua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na huku kwetu jua si kitu cha kutafutwa. Paneli ya kwanza katika ploti yetu ilikuwa yake. Alipanda ngazi mwenyewe kuipangusa vumbi, na umri wake ule, huku mama mwenye ploti akimpigia kelele kutoka chini kwamba akianguka atamharibia jina. Tulimpa simu zetu azichaji. Jenereta ya mashine ya kusagia mahindi ikinguruma barabarani, alifunga madirisha yote na kuilaani kwa Kiingereza, polepole, kwa ufasaha kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu huko kwao, Uyoma, upande wa Luanda Kotieno, walikuja kumwita mtu wa kampuni ya mafuta. Kama kuna jina lisilomfaa, ni hilo.

Sasa kazi yake. Alikuwa miongoni mwa watu ambao serikali iliwatuma kukaa na nchi nyingine na kuandika mikataba ya kulinda wawekezaji. Nilipomwuliza hiyo ni mikataba gani, alivuta kiti changu cha plastiki akaketi kama mtu aliyengojea swali hilo tangu astaafu.

"Tuseme mimi ni nchi na wewe ni nchi," alisema. "Watu wako wakija kujenga kiwanda kwangu, naahidi sitawanyang'anya, sitawabagua, sitawageuka katikati ya kazi. Nikiwageuka hawaendi mahakama ya Kisumu. Wananishtaki kwa watu watatu, mji mwingine kabisa. Kampuni inachagua mmoja, mimi nachagua mmoja, wa tatu tunaelewana."

"Na watu wako wakija kwangu kujenga?"

"Vilevile."

"Wamewahi kuja?"

Akafikiri. "Bado."

Hapo nikaelewa kwa nini hakutoa ahadi ovyo. Ahadi zake zote zilikuwa zimekwisha kutolewa, tena kwa niaba ya mamilioni ya watu, katika chumba chenye mazulia.

Mkataba mmoja aliusimulia kuliko mingine. Wenzao wa upande wa pili walikuja na rasimu tayari, imepigwa chapa vizuri, na upande wetu ukawa unasogeza koma. Kifungu kinachosema wawekezaji watatendewa kwa haki na usawa kilipita kati ya chai na chakula cha mchana. Hakuna aliyeuliza haki maana yake nini, wala nani atakayeipima. Lakini walipofika mahali panapoeleza nchi ni nini, Wakili aliinua mkono. Rasimu ilikuwa imetaja ardhi, anga na bahari. Ziwa halikuwamo.

"Bahari wameiweka, ziwa wamelisahau," aliniambia. "Mimi, mtoto wa bichi, wa ufukweni kwa wavuvi, nimekaa pale na tai shingoni, ziwa halimo. Nilijisikia vibaya, Mwalimu."

Kiongozi wa msafara wa upande wetu alimnong'oneza aachane nalo, ziwa liko ndani ya nchi hata lisipotajwa. Wakili akakataa. Alibishana na wenzake alasiri nzima. Mwishowe hoja ilipofika mezani, wale wa upande wa pili waliinamiana, wakanong'onezana, wakasema sawa, na liandikwe: pamoja na maji ya maziwa yake. "Walikubali haraka sana," alisema, akitikisa kichwa. "Hapo ndipo ningeshtuka. Badala yake niliwanunulia wenzangu bia."

Alirudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyerudi na kombe. Na mahali alipoisimulia ni matangani. Lazima niseme jambo kuhusu Wakili na matanga, maana bila hilo hamtaelewa alichopoteza. Kila jioni alifungua redio ya Kidholuo kusikiliza matangazo ya vifo. Alisikiliza kwa makini, kiganja kikiwa nyuma ya sikio: fulani wa Katito, ameacha wajane na wana, atazikwa Jumamosi. Akimjua marehemu, au akimjua mtu aliyemjua marehemu, Jumamosi alikuwa barabarani. Kwa watu wa huku mazishi bila hotuba si mazishi. Maiki inazunguka tangu asubuhi, kila mtu anaeleza marehemu alivyokuwa, na mzungumzaji mzuri anaheshimika hata kuliko aliyeleta ng'ombe. Wakili alikuwa mzuri sana. Alisema kwa ufupi, alimchekesha mjane bila kumvunjia heshima, na washereheshaji walimhifadhi awe wa mwisho kabla ya pasta. Mara nyingi aliingiza hadithi ya ziwa, jinsi alivyowalazimisha wageni waliandike, na watu wakapiga makofi. Ziwa lao lilikuwa limefika mbali. Nilimwona siku moja akirudi kwenye kiti chake baada ya makofi hayo, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

Ukimya wa nyumba yake siku nyingine za juma ulikuwa mzito. Nilijua, ukuta wetu ni mwembamba. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ni redio, kijiko, na mlango. Jumamosi alikuwa mtu miongoni mwa watu.

Kisha ikaja kampuni. Ilitoka nchi ileile ya mkataba, ikapewa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa kuchoma mafuta mazito, ufukweni kwao Wakili hasa. Kabla ya bomba la moshi kusimama, walikuwa wamekwisha kujenga gati na kulaza mabomba kuingia majini, mahali ambapo wavuvi wanasema samaki huzalia. Watu wa bichi wakaandamana. Serikali nayo wakati huo ilikuwa imeanza kuhubiri mvuke wa ardhini, upepo na jua, na mtambo wa moshi kando ya ziwa ukawa unaitia aibu. Leseni ikafutwa. Bichi ilicheza ngoma siku mbili. Wakili alisikika akiimba bafuni, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kabla wala baada.

Lakini mkutano ulipoitishwa ufukweni, alisimama akawaambia ukweli. Nilikuwapo, nilikuwa nimemsindikiza ili ninunue samaki kwa bei ya bichi. Aliwaambia kwamba kampuni itashtaki, akaeleza wale watu watatu wanavyochaguliwa. Mama mwenyekiti wa wachuuzi wa samaki, mwanamke mpana anayesema taratibu, akainua mkono, akamwita kwa neno lao la heshima kwa mzee.

"Jaduong', hao watu watatu, kampuni inachagua moja, serikali inachagua moja. Sisi watu ya bichi tunachagua nani?"

"Hakuna, Mama."

"Kwa hivyo kwa hiyo mkataba sisi hatuko?"

"Hamko."

"Na wakati walikuwa wanaandika, wewe ulikuwa huko ndani?"

"Nilikuwa."

Mama mwenyekiti akaketi. Hakusema neno baya. Nilisikia tu watu wakisogeza miguu mchangani, na nikajua kuna kitu kimehama mahali pake.

Kampuni ilishtaki kweli. Mawakili wa serikali walitaka kusema kwamba gati na mabomba, kwa kuwa yako majini, hayalindwi na mkataba, na kwamba ziwa lilitajwa kwa ajili ya mambo ya mipaka na uvuvi tu. Wakamwita Wakili aje athibitishe. Yeye ndiye aliyekuwa amebaki hai na mwenye akili timamu katika wale waliokaa chumba kile. Jioni kabla ya kwenda Nairobi alikuja kwangu kula, akamega ugali bila kuutia mdomoni.

"Sema hivyo wanavyotaka," nilimwambia. "Nani atakuumbua?"

"Si kweli, Mwalimu. Nilitaka ziwa lote."

"Basi sema umesahau. Wazee wanasahau."

"Ningeweza kusahau mengine. Hilo nililiomba mimi."

Nilimkasirikia. Nilimwambia kwamba hao aliowaahidi haki hawajui hata jina la mtaa wake, na kwamba watakaoumia ni watu wa kwao. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaosha mikono, akanishukuru kwa chakula ambacho hakukila. Kesho yake, kupitia skrini huko Nairobi, aliulizwa mbele ya wale watatu ziwa lilimaanisha nini, naye akajibu kwamba lilimaanisha ziwa lote, na aliyeomba liwekwe ni yeye.

Kampuni ikashinda, si yote iliyodai, lakini ilishinda. Sidhani ni maneno yake peke yake yaliyoipa ushindi. Kile kifungu cha haki na usawa, kilichopita baada ya chai, ndicho kilichofanya kazi kubwa, yeye mwenyewe alinionyesha katika hukumu, aliyoisoma kuanzia nyuma. Ila hayo ni ya watu wa karatasi. Ufukweni kwao walikuwa wameahidiwa chumba baridi cha kuhifadhi samaki, kinachotumia sola, ili akina mama wasiuze kwa hasara jua linapopanda. Siku moja afisa mmoja akaja, akawaambia chumba hakitajengwa kwa sasa, nchi ina kampuni ya kulipa. Sijui kama ni kweli. Serikali huchelewesha vitu bila msaada wa mtu. Lakini watu walihitaji mtu mwenye uso, na kampuni haikuwa na uso. Wakili alikuwa nao, tena ndio uleule waliokuwa wakiupigia makofi.

Hawakumpiga wala hawakumtusi. Walimsalimu, wakampa kiti kwenye kivuli, wakamletea soda. Kisha maiki ikampita. Mara ya kwanza alidhani ni bahati mbaya, muda ulikuwa umekwisha. Mara ya pili alinieleza kwamba wanasiasa walikuwa wengi. Mara ya tatu hakueleza. Jumamosi iliyofuata nilisikia mlango, kijiko, redio. Matangazo ya vifo aliendelea kuyasikiliza, kiganja nyuma ya sikio, lakini hakuenda. Ningependa kusema nilikwenda kukaa naye kila jioni. Nilikwenda nilipoweza, na mtu wa Vihiga mmoja na ukoo mzima ni vitu viwili.

Aliyemjia bado ni kaka yake mkubwa, mvuvi wa omena. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache ajabu. Alishuka barabarani Kisian na mfuko wa samaki wakavu, akaketi kwenye kiti cha nje, na wakakaa ndugu wawili wakitazama magari ya Busia yakipita mpaka saa ya yeye kurudi. Niliwahi kumwuliza Wakili kaka yake anasemaje kuhusu kesi. "Hajawahi kuitaja," akasema. "Alisema tu taa zao za sola za kuvulia usiku hazinuki kama zile za mafuta, na omena wanazifuata vizuri."

Kaka huyo ndiye aliyefariki, miezi michache kabla binti hajaja kumchukua Wakili. Alinigongea mlango, akaniambia, kisha akasimama pale akizungusha funguo za gari kidoleni. "Twende wote, Mwalimu," alisema. "Nitahitaji mtu wa kukaa naye." Hakuwa amewahi kuniomba kitu. Niliomba ruhusa shuleni, tukaenda kwa gari lake kuukuu, na njia nzima alikuwa akisogeza midomo. Nilielewa anapanga hotuba. Alikuwa na hakika, na mimi pia: mtu hawezi kunyimwa kumsemea ndugu wa tumbo moja.

Boma lilijaa. Wakili aliketi mstari wa mbele na familia, mimi nyuma yake. Mshereheshaji alikuwa kijana wa ukoo wao mwenye sauti nzuri. "Kila mtu dakika mbili," alitangaza kwa Kidholuo kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu wageni, "mbili tu, jua haitungoji." Lakini hakuna aliyezifuata. Wakasema wa kanisa. Wakasema wavuvi wenzake. Akasema diwani, akasema mtu anayetaka kuwa diwani. Akasema Mama mwenyekiti, vizuri sana, watu wakalia. Kila maiki ilipoinuliwa Wakili alifunga kifungo cha koti na kusogea mbele ya kiti, na kila ilipokwenda kwingine alikifungua tena. Nilikuwa nikitazama mgongo wake. Nilimtafuta Mama mwenyekiti kwa macho nikitumaini ataona. Aliona. Akatazama chini.

"Sasa tumpatie pasta nafasi," kijana akasema. "Watu wa familia wamesema imetosha."

Niliwachukia, nasema wazi, wote, na wema wao wote, na soda zao. Nilitaka kusimama niseme mimi, lakini ningesema nini, na kwa lugha gani? Wakili hakugeuka. Aliimba nyimbo zote, akatupa udongo wake zamu ilipofika, akapeana mikono na kila aliyempa mkono. Watu wakaenda kula. Mama mwenyekiti akamjia, akasema kwa upole, "Jaduong', chakula iko tayari," akaondoka bila kungoja jibu. Vijana walimaliza kuzika, wakayabeba majembe yao wakaenda pia.

Nilimkuta amerudi kaburini peke yake. Kifungo cha koti kilikuwa kimefungwa. Alisimama upande wa kichwa, mikono mbele, akaanza kusema kwa Kidholuo, kwa sauti ileile ya kwenye maiki, ya kufika mpaka hema la nyuma, ambalo sasa halikuwa na mtu. Sikuelewa ila neno moja moja: ndugu, nyavu, mama, ziwa. Mahali fulani alisimama kama aliyeacha nafasi ya watu kucheka, na mimi nikacheka, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Sauti za sahani zilitufikia kutoka upande wa jikoni.

Kisha akanigeukia, akauliza kwa Kiswahili, "Nimepitisha muda, Mwalimu?"

Nilimwambia bado, muda upo. Akaligeukia kaburi, akaendelea.